Nembo maarufu za nje zalindwa hadi mnadani Katesh

Msimu wa mvua unapokaribia, maduka ya pembejeo ya Katesh, Haydom, Dongobesh na Mbulu mjini hujaza mbegu za mahindi, dawa za kupulizia na dawa za mifugo. Nyingi zina majina ya kampuni za nje, na majina hayo ndiyo yanayouza. Mkulima au mfugaji aliyetoka mbali kuja mnadani hana muda wa kusoma maandishi madogo nyuma ya pakiti. Anatafuta rangi aliyoizoea na mchoro aliouona kwa jirani aliyevuna vizuri mwaka jana.

Kwa sababu hiyo hiyo, majina hayo ndiyo yanayoigwa. Anayetengeneza feki hahangaiki na jina lisilojulikana. Huiga lile ambalo mteja hulitaja mwenyewe kabla hajaonyeshwa bidhaa.

Wafanyabiashara wengi wa wilaya za Mbulu na Hanang huamini kuwa ugomvi wa nembo ni wa matajiri wa Dar es Salaam na mawakili wa Ulaya. Sivyo. Sheria inamfikia hata mwenye kibanda kimoja, na mara nyingi yeye ndiye anayeumia, kwa sababu aliyemuuzia mzigo ameshaondoka na fedha.

NEMBO NI MALI

Alama ya biashara ni jina, mchoro, herufi au mchanganyiko wa hivyo, unaomwezesha mnunuzi kutofautisha bidhaa ya mtu mmoja na ya mwingine. Ni mali kama lilivyo shamba au ghala. Inaweza kuuzwa, kurithiwa na kukodishwa kwa leseni.

Mfano uko kwenye rafu za maduka ya mbegu. Jina la DeKalb, ambalo wakulima wengi hulifahamu kwa herufi DK, lilikuwa la kampuni ya Monsanto ya Marekani. Mwaka 2018 kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliinunua Monsanto, na nembo ikahamia kwa mwenye mali mpya. Mkulima wa Bassotu huenda hakuona tofauti yoyote. Hiyo ndiyo nguvu ya nembo: mwenye mali hubadilika, lakini imani ya mnunuzi hubaki palepale.

Tanzania Bara ina Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Anayesimamia daftari la alama ni Msajili, aliye chini ya Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, ulioanzishwa mwaka 1999. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Bidhaa na huduma zimegawanywa katika madaraja 45, na mwombaji husajili daraja analolihitaji.

Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake ya usajili. Alama iliyosajiliwa Bara hailindwi Unguja wala Pemba mpaka isajiliwe huko pia. Hili husahauliwa na wengi wanaopeleka mzigo visiwani.

MAARUFU KWA NANI?

Kanuni ya kawaida ni kwamba alama hulindwa katika nchi iliyosajiliwa. Kampuni ya Brazil iliyosajili jina lake kwao haipati haki hiyo Tanzania kwa sababu hiyo tu. Hapo ndipo ulipo mwanya uliowavutia wengi: mtu huona jina kubwa la nje ambalo halijafika nchini, hukimbilia kwa Msajili na kulisajili kama lake, kisha humsubiri mwenyewe aje amuuzie.

Mwanya huo una kizuizi. Mkataba wa Paris wa kulinda mali za viwandani, ambao Tanzania ni mwanachama tangu mwaka 1963, una kifungu kilichoingizwa mwaka 1925 kinachozitaka nchi wanachama kukataa au kufuta usajili wa alama inayoiga alama maarufu ya mtu mwingine kwa bidhaa za aina hiyo. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu mali za ubunifu, ulioanza mwaka 1995, uliongeza mambo mawili. Kwanza, huduma nazo zinalindwa. Pili, katika kupima umaarufu huangaliwa watu wa soko linalohusika, wala si lazima taifa zima.

Sheria ya Tanzania inafuata mkondo huo. Msajili hatakiwi kukubali alama inayoiga, inayotafsiri au inayofanana na alama ya mwingine inayofahamika vizuri nchini, ikiwa kufanana huko kutawachanganya wanunuzi. Neno lenye uzito hapo ni "nchini". Jina linaweza kuwa kubwa Ulaya na lisijulikane kabisa Tanzania. Anayedai umaarufu ndiye anayetakiwa kuuthibitisha kwa matangazo, mauzo, ushahidi wa wateja na nyaraka nyingine.

Kesi inayotajwa sana barani Afrika ni ya McDonald's nchini Afrika Kusini. Kampuni hiyo ya Marekani ilianza kusajili majina yake huko tangu mwaka 1968, lakini kwa miaka mingi haikufungua hata mgahawa mmoja. Mwaka 1993 wafanyabiashara wa Johannesburg waliomba kulisajili jina hilo kwa ajili yao, na wakataka usajili wa Wamarekani ufutwe kwa kuwa haukutumika. Katika mahakama ya kwanza walishinda.

Mwezi Agosti 1996 Mahakama ya Rufani ya nchi hiyo iligeuza uamuzi. Ilitazama matokeo ya utafiti wa maoni ya watu na ushahidi mwingine, ikaona kuwa jina hilo lilifahamika kwa sehemu kubwa ya watu ambao wangekuwa wateja au washirika wa biashara hiyo. Halikulazimika kujulikana kwa kila raia. Hoja kwamba hapakuwa na mgahawa nchini haikutosha kulinyang'anya.

Hukumu hiyo haiifungi mahakama ya Tanzania, lakini inaonyesha jinsi swali hili linavyopimwa. Ikitumiwa kwa mambo ya Hanang, jina la dawa ya kuogeshea ng'ombe halihitaji kujulikana kwa kondakta wa basi. Linatosha kufahamika kwa wafugaji, maofisa mifugo na wauza dawa.

SHERIA YA PILI, YENYE MENO MAKALI ZAIDI

Usajili ni upande mmoja. Upande wa pili ni kukamata feki, na hapo hutumika Sheria ya Alama za Bidhaa. Sheria hiyo ilitungwa mwaka 1963 lakini haikuanza kutumika hadi mwaka 2005. Kwa miaka zaidi ya 40 ilikuwa kwenye vitabu tu. Soko lilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980 na bidhaa za nje zikamiminika, feki ziliingia pamoja nazo na hapakuwa na chombo mahususi cha kuzifuatilia.

Leo kazi hiyo ni ya Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Wakaguzi wake wana mamlaka ya kuingia stoo, kuzuia mzigo na kuuteketeza. Mwenye nembo hupeleka malalamiko na vielelezo vya bidhaa yake halisi, wakaguzi hulinganisha, kisha hatua huchukuliwa.

Kosa si la aliyetengeneza peke yake. Anayeuza, na hata anayeweka kwa nia ya kuuza, anahusika. Mwenye duka anaweza kujitetea kwamba hakujua, lakini utetezi huo una masharti: aonyeshe kuwa alichukua tahadhari zote za kawaida, kwamba hapakuwa na sababu ya kutilia shaka, na aeleze bila kuficha ni nani aliyemuuzia. Asiye na ankara wala risiti, aliyenunua kutoka kwa mtu asiyemjua aliyepita na gari, hana cha kuonyesha.

Hata akiepuka adhabu, bidhaa bandia hairudishwi rafuni. Chukua mfano wa mwenye duka wa Katesh anayenunua katoni 10 za dawa. Kwa wakala bei ni sh. 120,000 kwa katoni. Mtu mwingine anampa kwa sh. 95,000. Ameokoa sh. 250,000. Mzigo ukikamatwa amepoteza sh. 950,000. Ili azirudishe, atahitaji kupata nafuu kama ile karibu mara nne, tena bila kukamatwa hata mara moja.

Hiyo ni hesabu ya duka. Hesabu ya mteja ni nzito zaidi. Mbegu feki haijulikani siku ya kununuliwa. Hujulikana wiki kadhaa baada ya kupanda, wakati mvua za kupandia zimeshapita. Mfugaji aliyeogesha mifugo kwa maji ya rangi hugundua pale ng'ombe wanapoanza kuugua. Watu hao hawaendi kumtafuta mtengenezaji asiyejulikana. Wanarudi kwa mwenye duka, na mnadani habari husambaa haraka.

BANDIA, MFANANO NA MAGENDO

Mambo manne huchanganywa sana sokoni, na kila moja lina hukumu yake.

La kwanza ni bandia kamili: jina, rangi na mchoro wa mwingine vimenakiliwa bila ruhusa. Hilo halina mjadala.

La pili ni mfanano. Jina limebadilishwa herufi moja au mbili, rangi ni zile zile, chupa ni ya umbo lile lile. Wengi hudhani herufi moja inatosha kuwaokoa. Haitoshi. Kinachopimwa si kuziweka bidhaa mbili mezani na kuhesabu tofauti. Hupimwa kama mnunuzi wa kawaida, anayekumbuka kwa juu juu, angeweza kudanganyika. Katika soko ambalo wateja wengi hununua kwa rangi na picha, mfanano wa pakiti una uzito mkubwa.

La tatu ni bidhaa halisi iliyopitishwa njia ya panya. Sabuni au majarini iliyotengenezwa kiwandani Kenya na kuvushwa bila ushuru si bandia, kwa kuwa nembo ni ya kweli. Ni magendo, na mwenye mzigo atajibu kwa watu wa kodi na viwango. Ni makosa mawili tofauti, japo mzigo mmoja unaweza kubeba yote mawili.

La nne ni bidhaa isiyo na jina kubwa lakini yenye kazi ile ile, kama dawa ya binadamu inayouzwa kwa jina la kitaalamu badala ya jina la kampuni iliyoigundua. Hiyo si feki. Kenya ilipitia mvutano juu ya jambo hili baada ya kutunga sheria ya kupambana na bidhaa bandia mwaka 2008. Watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI walikwenda mahakamani wakihofu kuwa maneno ya sheria yangeweza kuzifanya dawa halali za bei nafuu zionekane bandia. Mwezi Aprili 2012 Mahakama Kuu mjini Nairobi iliwaunga mkono. Ulinzi wa nembo hauna lengo la kumnyima maskini dawa nafuu. Lengo ni anayenunua ajue anachonunua.

Nguo ni mfano mwepesi zaidi. Viatu vya mtumba vyenye alama ya kampuni kubwa, vilivyotengenezwa na kampuni hiyo na kuvaliwa Ulaya, ni bidhaa halisi iliyotumika. Jezi mpya za timu za Uingereza zilizochapishwa bila idhini ni jambo jingine, hata kama zinauzwa mafungu chini ya turubai na kila mnunuzi anajua si orijino.

MWEKEZAJI AULIZE: NEMBO NI YA NANI?

Kwa mwenye hisa chache, somo la nembo lina sura nyingine. Kampuni inaweza kuwa na kiwanda kizuri na mauzo makubwa, lakini jina linaloleta mauzo hayo likawa la mtu mwingine.

Historia ya bia ya Tusker nchini inaeleza vizuri. Mwaka 2002 kampuni ya bia ya Afrika Mashariki, EABL ya Kenya, na wenzao wa Afrika Kusini waliomiliki sehemu kubwa ya TBL walimaliza vita vyao vya soko. Kiwanda cha Kibo cha Moshi, kilichokuwa cha EABL, kilifungwa, na kile cha Castle cha Thika nchini Kenya nacho kikafungwa. EABL ikapata asilimia 20 ya TBL, na TBL ikawa inatengeneza bia za EABL kwa leseni.

Mwaka 2010 EABL ilinunua asilimia 51 ya Serengeti Breweries, mshindani wa TBL, na Tusker ikahamia huko. Mwaka uliofuata EABL iliuza hisa zake za TBL. Mnywaji wa Katesh aliendelea kuagiza bia ile ile. Lakini fedha ya chupa hiyo sasa ilikwenda kwa kampuni nyingine, bila TBL kupoteza hata mtambo mmoja.

Kwa hiyo mwekezaji anaposoma taarifa ya kampuni yoyote, ni vema atenganishe nembo ambazo kampuni inazimiliki na zile inazozitumia kwa leseni. Kama ni leseni, aulize inaisha lini na nani ana haki ya kuivunja. Swali hilo hilo linamfaa anayetaka kuwa wakala wa mbegu au pikipiki wa wilaya nzima: uwakala uko kwenye karatasi, au ni maneno ya simu?

NA MAJINA YA NYUMBANI?

Ulinzi wa nembo za nje hulalamikiwa kuwa unawanufaisha wageni. Malalamiko hayo yana ukweli wake, lakini mlango wa Msajili uko wazi kwa wenyeji pia, na wachache wanaingia.

Vitunguu saumu vya Mbulu vinasifika katika masoko ya mbali na wilaya hiyo. Hata hivyo vingi husafiri ndani ya magunia yasiyo na jina, na anayepaki upya mjini ndiye anayebandika lebo yake. Ngano ya Hanang, iliyolimwa kwa mashamba makubwa yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada, nayo huishia kwenye mifuko ya unga yenye majina ya wasagaji wa mbali.

Ni kweli kuwa jina tupu la mahali ni gumu kusajiliwa na mtu mmoja, kwa sababu kila mkulima wa mahali hapo ana haki ya kulitaja. Lakini ushirika au kampuni inaweza kubuni jina na mchoro wake, ikausajili, na kuuweka kwenye kila mfuko. Miaka michache ya ubora usioyumba ndiyo itakayoupa thamani.

Kuchelewa kuna gharama. Kampuni ya Disney ya Marekani iliomba mwaka 1994 kusajili maneno "Hakuna Matata" nchini mwao kwa ajili ya fulana, na ikapata usajili mwaka 2003. Malalamiko makubwa ya Waafrika Mashariki yalisikika mwishoni mwa mwaka 2018, miaka 15 baadaye. Usajili huo haumzuii mtu kuongea Kiswahili, lakini unamgusa anayetaka kuuza fulana za maneno hayo Marekani.

LA KUFANYA SASA

Mfanyabiashara wa Mbulu au Hanang hahitaji wakili kwa kila katoni. Anahitaji mazoea machache.

Anunue kwa wakala anayefahamika, na adai ankara yenye jina, tarehe na aina ya bidhaa. Karatasi hiyo ndiyo ngao yake siku ya ukaguzi.

Bei ikiwa chini kupita kiasi, aiulize sababu. Mzigo wa wizi, uliokwisha muda na wa bandia vyote huja kwa bei nzuri.

Mbegu aziangalie kwa lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu. Viuatilifu ahakikishe vimesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na kwamba yeye mwenyewe ana kibali cha kuviuza.

Akigundua amelishwa feki, aache kuuza mara moja, atenge mzigo na atoe taarifa. Anayejaribu kumalizia stoo kwanza anaupoteza utetezi wake, kwa kuwa sasa hawezi kusema hakujua.

Anayebuni jina la bidhaa yake atafute kwanza kama halijachukuliwa. Tangu mwaka 2018 BRELA inapokea maombi kwa mtandao, hivyo si lazima kusafiri hadi Dar es Salaam. Ombi likikubaliwa hutangazwa, na mwenye pingamizi hupewa siku 60. Anayeiga jina kubwa la nje ajue kuwa hapo ndipo mawakili wa mwenyewe hujitokeza, wakati yeye ameshachapisha mifuko na kulipia matangazo.

Jina la kukopa huuza haraka msimu wa kwanza. Mteja wa Mbulu na Hanang, aliyepoteza ekari tatu kwa mbegu feki, harudi msimu wa pili.